Samaki wako ana karatasi? Niliyopitia kutoka kukaanga hadi kuuzia kiwanda hapa Mombasa

Watu wengi wananiuliza ilikuwaje nikatoka kwenye karai la mafuta nikaanza kuuzia kiwanda, na karibu wote wanadhani jibu ni mtaji. Mtaji ni shida sikatai, lakini mimi kilichonikaba koo ni makaratasi, na sio makaratasi yangu mimi, makaratasi ya samaki. Juzi dada mmoja wa Likoni kaniambia ashanunua friza mbili kubwa na hajui hata ofisi ya BMU, yaani kile kikundi cha wavuvi na wachuuzi kinachosimamia bandari ya samaki, ya pale kwao iko wapi. Nikaona hii niiandike yote, itakuwa ndefu mnivumilie.

Mimi nilikuwa mama karanga. Kwa wasiojua, sisi ndio tunaokaa bandarini na ndoo zetu tukisubiri vyombo viingie, tunanunua vibua, tafi, pono wadogo, vile tajiri, yaani mchuuzi mkubwa anayewakopesha wavuvi, hataki, tunakaanga tunauza jioni. Biashara halali na imenisomeshea watoto, ila haikui. Kaskazi ikiingia bahari inatulia kila mtu anavua bei inaanguka, kusi likivuma vyombo vidogo haviendi nje ya mwamba, samaki kidogo anayepatikana anagombaniwa na mama karanga ndiye wa mwisho kupewa. Sasa ami yangu ana faiba, yaani boti ya fibaglasi, yenye mashine, anavua jodari na nguru kwa mshipi, na ng'ambo kule upande wa Kwale nina ndugu zangu wa kike wanaovua pweza kwa miguu. Nikawa najiuliza, kwa nini samaki wote wazuri wa familia yangu waende kwa tajiri kwa bei anayotaka yeye halafu mimi nibaki na vibua?

Nikaenda kiwanda kimoja kinachosafirisha nje. Nilijua nitaulizwa kilo ngapi kwa wiki. Wapi! Yule mama wa manunuzi alifungua faili akaniuliza chombo gani kimevua, namba yake ngapi, leseni ya jina la nani, kimetua bandari gani, nani amepima. Kilo hakuzigusa kabisa. Bei aliyonitajia mwishoni ilikuwa nzuri mpaka nikahisi kizunguzungu, lakini akasema bila hayo majibu hata niwalete jodari wa dhahabu watabaki getini.

Sababu yake nilikuja kuielewa baadaye. Umoja wa Ulaya tangu 1 Januari 2010 haupokei samaki wa baharini bila cheti kinachoonyesha amevuliwa kihalali na chombo gani, na juu yake kuna cheti cha afya. Hivyo vyeti vya mwisho sio kazi yako wewe mchuuzi, kiwanda na Kenya Fisheries Service ndio wanamalizana. Lakini vinajengwa juu ya karatasi za huku chini kwetu, na kama huku chini hakuna kitu basi kule juu hakuna cha kuandika. Kwa hivyo mtu akiniomba ushauri namwambia anza kwa mnunuzi, muulize anataka kuona nini, halafu urudi nyuma hatua moja moja mpaka ufike baharini. Friza ni la mwisho kabisa.

Mimi niliporudi nyuma nikakwama kwa ami. "Ami, chombo chako kina leseni?" "Kina namba mwanangu, si unaiona pale." Kweli namba ilikuwepo, imepigwa rangi pale omo, mbele ya chombo. Na karatasi akanitolea, imewekwa plastiki vizuri, ina muhuri. Kumbe ile faiba aliinunua kwa mtu wa Kilifi, na kuna kijana alikuwa anazunguka bandarini na mkoba akijidai anashughulikia leseni, ami akampa elfu nane na baada ya wiki akaletewa hiyo karatasi. Tulipofika ofisini afisa akaitafuta ile namba kwenye kumbukumbu zake, akatuangalia, akasema hii namba ni ya mtumbwi. Mtumbwi wa mtu mwingine kabisa! Ami alivua kofia akaiweka magotini na hakusema neno mpaka tukatoka nje. Ni mtu mzima, amekuwa baharini tangu akiwa kijana mdogo, na siku zote hizo alikuwa anavua akijua yuko sawa. Mimi nilikuwa na hasira hadi machozi, yule kijana simu yake ikawa haishiki na hatujamuona tena.

Kuirekebisha ilichukua muda kuliko pesa. Ilibidi tumtafute yule muuzaji wa kwanza tuandikishane mkataba wa mauzo (waliuziana kwa mdomo na salamu za Ijumaa), kopi za vitambulisho, PIN ya KRA, barua ya BMU, chombo kikaguliwe ndio kisajiliwe kwa jina la ami. Halafu Kenya Maritime Authority nao wanataka usalama wa chombo, na hapo ndipo laifu jaketi za mabaharia wote zilipokula pesa kuliko leseni yenyewe. Ami akanung'unika sana kuhusu hizo laifu jaketi, anasema zinamfanya aonekane mtalii. Lakini gharama kubwa haikuwa hiyo, gharama kubwa ni kwamba chombo kilikaa nchi kavu na kaskazi ndio imeanza, wenzake wanarudi na nguru yeye amekaa kivulini anashona tanga ambalo halitumii. Ukiweza fanya haya mambo wakati wa kusi, bahari ikiwa mbaya hupotezi kitu, na ofisi zenyewe hazina foleni.

Na kabla hujanunua chombo cha mtu, nenda na namba yake ofisini kwanza. Usikubali karatasi uliyoletewa bandarini hata kama ina mihuri mitatu.

Kitu kinachochanganya watu wengi ni nani anatoa nini. Mimi nilizungushwa mpaka viatu vikaisha, huku wananiambia nenda kaunti, kaunti wananiambia hiyo ni ya serikali kuu. Siwalaumu sana, ukisoma Katiba ya 2010 pale Jedwali la Nne, uvuvi umewekwa kwa serikali ya kitaifa na pia umewekwa chini ya kilimo kwa kaunti, yaani mama mmoja baba wawili. Halafu ikaja sheria ya uvuvi ya 2016 ikaunda Kenya Fisheries Service, na kaunti nazo zina ada zake. Kwa upande wangu ilikuja kutulia hivi, chombo na usajili wake kwa Kenya Fisheries Service, usalama kwa Maritime, kibali cha biashara na cheti cha afya cha kushika chakula kwa kaunti, na uanachama na barua za utambulisho kwa BMU. Ukiwa bandarini kwako muulize afisa wa uvuvi wa pale akuandikie kwa mkono mpangilio wa kwenu. Usimuulize mchuuzi mwenzio, kila mtu anajua ya kwake tu.

Sasa nije kwa tajiri, maana hii ndio watu hawaisemi. Mashine ya ile faiba tajiri ndiye aliyekopesha. Hakuna riba, hakuna mkataba, sharti ni kwamba samaki wote wazuri ni wake na bei ni yake mpaka deni liishe, na deni haliishi kwa sababu kila kusi likivuma ami anakopa tena mafuta na unga. Sio mtu mbaya yule, msimu wa njaa yeye ndiye anayelisha nyumba nyingi, benki gani itakukopesha pesa ya kununua mshipi? Lakini angalia kinachotokea kwenye kumbukumbu. Chombo kikitua, samaki wanashushwa moja kwa moja kwenye kasha la tajiri, wanapimwa kwa mizani yake, wanaandikwa kwenye kijitabu chake cha mfukoni. Kwa daftari la BMU wanaandikwa wale waliobaki. Nilimuomba karani wa BMU anionyeshe kurasa za ami za msimu mzima, na kwa kweli nilishtuka, mtu anayeleta jodari wa kubebwa na watu wawili ameandikwa "mchanganyiko, kilo 6", "mchanganyiko, kilo 4", siku nyingine ni mstari tu umepigwa.

Tulikaa na tajiri tukazungumza. Tukakubaliana nusu ya jodari ziende kwake kulipa deni na nusu nichukue mimi, na zote zipite kwenye mizani ya BMU kwanza. Hakupenda, lakini ami ni mtu wake wa siku nyingi na pia alijua nikishapata mteja deni lake litalipwa haraka zaidi. Ukienda kwa hasira na maneno ya haki za binadamu utarudi na mashine imechukuliwa, nakuambia.

Pweza walikuwa na kesi yao tofauti. Wale ndugu zangu wanashuka mwambani maji ya bamvua, bahari ikitoka mbali, na mkuki mfupi na mfuko, maji mafu hakuna kazi. Wanavua pweza kuliko wanaume wengine wenye vyombo. Lakini kwenye vitabu hawakuwa wavuvi, hakuna hata mmoja alikuwa na leseni ya mvuvi kwa sababu kila mtu pale, na wao wenyewe, wanaamini mvuvi ni mtu wa chombo. Wanaitwa wanaenda pwani tu. Matokeo yake pweza wao hana mwenyewe, mchuuzi anayewanunulia ndiye anaandikwa kama ametoa yeye. Tuliwaingiza BMU na kuwaombea leseni, mzee mmoja kwenye kikao akauliza sasa mwanamke wa kuokota naye anahitaji leseni ya nini, na dada yangu mkubwa akamjibu, "Ya kuuzia pweza unaokula wewe, baba." Kikao kikaisha hapo.

Mzigo wa kwanza wa pweza ulipotea. Kijana aliyeubeba hakuwa na kibali cha kusafirisha samaki kutoka kaunti moja kwenda nyingine, akasimamishwa njiani, akaanza kupiga simu huku na huku, na makasha yale ya plastiki jua la saa saba sio friza. Walipoachiliwa barafu ilikuwa maji ya rangi ya waridi. Kiwandani yule kijana wa ubora alifunua kifuniko, akamgeuza pweza mmoja kwa kidole akaangalia ngozi imeanza kuwa nyekundunyekundu chini ya mikono, akanusa, akafunika. Hakusema lolote na hakuhitaji kusema. Tuligawa kwa majirani, na hasara ile tuliilipa kwa karai, nikarudi kukaanga miezi ile yote bila kupumzika. Kwa hivyo kibali kile kichukuliwe kule samaki anakotoka, asubuhi, kabla ya kupakia, kionyeshe aina na kilo zile zile zilizo kwenye kasha. Ukiandika pweza na ndani kuna kamba koche umejitafutia.

Na tukitaja kamba koche, leseni inakuja na masharti yake na mengi watu hawayasomi. Koche mwenye mayai anarudishwa baharini. Juya na bunduki za kuvulia vilipigwa marufuku tangu 2001 na bado utaviona. Mfano mkubwa wa jinsi masharti yanavyogeuza soko ni kamba wa ghuba ya Ungwana kule Malindi. Meli za kukokota nyavu zilikuwa zinavua karibu, zinakata nyavu za wavuvi wadogo na kutupa samaki wengine, ugomvi ukawa mkubwa mpaka 2006 zikasimamishwa. Ziliporudi 2011 zilirudi na mpango mpya, zisiingie ndani ya maili 3 za baharini, na kuanzia 1 Novemba hadi 31 Machi hazivui kabisa. Mchuuzi wa Mombasa anayeuza kamba hotelini asipojua hizo tarehe atashangaa kwa nini bei imebadilika ghafla na watalii ndio wamejaa.

Sasa nifike kwenye kitu kilichonifanya nibadilike kabisa, nacho ni hii habari ya kota, yaani kiasi cha samaki ambacho mtu au nchi inaruhusiwa kuvua. Kusema kweli nilikuwa nadhani ni mambo ya Wazungu. Hapa kwetu mvuvi mdogo hana kota, ukishakuwa na leseni hakuna anayekuambia simama umefikisha kilo zako. Kuna nchi kama New Zealand tangu 1986, na Iceland kwa sheria yao ya 1990, kampuni au mtu ana mgao wake wa samaki na anaweza kuuza au kukodisha, na kule Iceland kuna vijiji vidogo vilijikuta mgao umeuzwa kwa makampuni makubwa na vyombo vipo tu vimefungwa kamba. Nilipoyasikia hayo kwenye mafunzo pale KMFRI Mkomani, taasisi ya utafiti wa bahari na uvuvi, nilisema alhamdulillahi sisi hatuna.

Mtafiti mmoja wa pale akasema mnayo, kwa jodari mnayo, ila inagawanywa mbali na hapa.

Maana jodari hana kitambulisho cha Kenya, leo yuko hapa kesho Shelisheli. Anasimamiwa na Kamisheni ya Jodari ya Bahari ya Hindi, IOTC, makao yake Victoria, na Kenya imekuwa mwanachama tangu 2004. Mwaka 2015 wanasayansi wao walisema jodari wa mapezi ya njano amevuliwa kupita kiasi, kuanzia 2017 nchi zilizokuwa na uvuvi mkubwa zikaambiwa zipunguze kulingana na walichovua 2014. Sehewa, wale wa kutiwa kwenye mikebe, waliwekewa kikomo cha tani 628,606 kwa mwaka kwa 2024 hadi 2026. Jodari wa macho makubwa tani 80,583 kwa 2024 na 2025. Hizo ni za bahari yote nzima, na ugomvi uliobaki, ambao wamekuwa wakiukalia vikao tangu 2011, ni nani apate ngapi. Wenye meli kubwa kutoka mbali wanasema mgao ufuate historia, aliyevua sana zamani apate sana. Nchi za pwani kama sisi tunasema subiri, samaki mliovua ndani ya maji yetu kwa leseni tulizowauzia ihesabiwe kuwa historia yetu. Hata kile kikao cha Februari 2023 kuhusu maboya yanayoelea ambayo meli hizo zinakusanyia jodari, kilifanyika hapa hapa Mombasa na mimi nilikuwa nakaanga samaki sijui kitu! Walipitisha uvuvi wa maboya hayo ufungwe siku 72 kwa mwaka, baadaye zaidi ya theluthi moja ya wanachama wakaandika kupinga na uamuzi ukakosa nguvu.

Nikaikumbuka ile "mchanganyiko, kilo 6".

Yaani watu wanakaa mezani kugombania bahari kwa kutumia vitabu vya nani alivua nini, na ami yangu na wenzake pale bandarini jodari wao hawapo kwenye kitabu chochote. Ikifika siku ya kugawa, mwakilishi wetu atafungua nini? Kijitabu cha tajiri? Hilo lilinikera kuliko elfu nane ya yule tapeli, kuliko hata pweza walioharibika. Kila mtu analalamika meli za kigeni zinamaliza samaki, na ni kweli ziko huko nje, lakini zina daftari la kila siku na setilaiti inaziona zilipo.

Tangu hapo mimi ndiye nimekuwa kero ya pale bandarini. Chombo kikitua nasimama kwenye mizani. Tunaandika tarehe, namba ya chombo, nahodha, mabaharia wangapi, amevulia nini, upande gani wa mwamba, kisha kila aina peke yake, jodari ni jodari, nguru ni nguru, sio mchanganyiko. Karani alikuwa hana kalamu nikanunua kalamu. Mizani ilikuwa inadanganya upande mmoja, tukachanga ikarekebishwa. Wengine wanaogopa wakiandika kilo za kweli watatozwa kodi, na hofu hiyo ina msingi kwa sababu BMU inachukua ushuru wake kwa kilo, kwa hivyo tulikubaliana kwenye mkutano ushuru usipande mwaka huo hata kilo zikionekana nyingi. Bila makubaliano hayo hakuna ambaye angesema ukweli.

Na faida nyingine ambayo sikuitarajia, chama chetu cha akiba na mikopo kilikubali kurasa za daftari zenye muhuri wa BMU kama ushahidi wa mapato ya ami. Akakopa, akammalizia tajiri deni la mashine. Bado anamuuzia baadhi ya samaki, kwa bei wanayopatana.

Kiwanda kinalipa vizuri lakini kinachelewa, jipange na hilo, wavuvi wanataka pesa mkononi chombo kikigusa mchanga na wewe yako iko benki wiki mbili zijazo. Mimi karai sijaliacha kwa sababu hiyo, linanipa pesa ya kila siku.

Kinachotusumbua sasa ni kitoweo. Kila baharia akishuka anachukua samaki wa nyumbani kwake kabla ya kupima, ndivyo ilivyo tangu mababu, na kwa chombo chenye watu watano sita ni kilo nyingi zinazopita pembeni ya mizani kila siku. Mimi nasema ziandikwe, ziwe na safu yake na zisitozwe ushuru. Ami anasema kuhesabu kitoweo cha mtu ni utovu wa adabu, utaanza kuhesabu na sahani yake? Mkutano uliopita tulipiga kura na nikashindwa. Ujao nitalileta tena, safari hii nimeshazungumza na mabaharia wawili wa chombo chake mwenyewe.